Sentimita Nne

Nilizikata mwenyewe, kwa msumeno wa kuazima,
uani kwetu Chikongola, mwezi wa pesa ya korosho:
springi nne, sentimita nne kila moja,
ili Starleti yangu nyekundu, yenye tabo,
iiname kama paka aliyeona panya.
Ikainama. Vijana wa Magomeni wakapiga mluzi.

Kwenye lami mpya nilizikaza kona kama mshipi.
Lakini lami mpya ina mwisho wake,
na ilipokwisha gari halikwenda, lilidunda.
Tairi likarukia kokoto, halikushika kitu,
stelingi ikanijibu uongo,
na kila shimo likapanda uti wa mgongo
kama mdai asiyebisha hodi.

Mama alipanda mara moja tu,
Newala hadi Ndanda, kliniki ya mgongo.
Hakusema neno. Alishika mlango kwa mikono miwili.
Safari ya pili akaniambia, "Nitapanda basi, mwanangu.
Gari lako zuri. Litunze."

Hilo "litunze" lilinikata kuliko tusi.

Fundi Likwata hakucheka.
Walau hakucheka mbele yangu.
Alikandamiza boneti kwa kiganja, akaachia,
akahesabu: moja, mbili, tatu, na bado linatikisika.
"Umechanganya ukali na ugumu," akasema.
"Kisu kikali hakitaki nguvu,
kisu butu ndicho kinachopigwa nyundo.
Tairi ni mguu. Mguu usiogusa chini haukimbii."

Akaanza pale ambapo hakuna wa kupiga mluzi:
bushi za mikono ya chini,
zimepasuka kama kisigino cha kiangazi;
boljointi moja iliyokuwa ikigonga
nami nikiisingizia barabara.
Akarudisha springi ndefu, zenye ukaidi kidogo tu,
na shokapu zinazolingana nazo.
"Springi hubeba, shokapu husahaulisha.
Gari lako lilikuwa linakumbuka kila shimo."
Nyuma akafunga stabilaiza nene.
"Hii hulala ukienda wima. Kona ndiyo huiamsha."

Halafu akazidai rimu.
Kumi na saba zangu, zing'aazo, za magunia mawili!
Akazipima mkononi moja moja, kama mnunuzi wa papa mkavu.
"Nzito. Na tairi lake jembamba kama mkate wa maji."
Akanitolea kumi na nne, nyepesi, zimechubuka,
zenye tairi la mashavu.
Tuligombana. Nilirudi nyumbani kwa miguu.
Siku ya tatu nilikuwa mlangoni pake.
Upepo aliupima alfajiri, kabla jua halijaanza kuudanganya.

Juzi nikapanda Newala kumchukua Mama.
Nilimkuta tayari, mkoba magotini,
uso wa mtu anayengoja sindano.

Mteremko ule unaujua: kona juu ya kona.
Ya kwanza niliingia kwa adabu.
Ya pili, nusu adabu.
Ya tatu nikasahau kama nina abiria:
pua ikaingia nilipoiambia ingia,
nyuma ikafuata bila ubishi,
bega la gari likalala kidogo,
kidogo tu, likatulia.
Juu ya viraka vya lami tulipita
kama mtu anayekanyaga mkeka wa wenyewe.

Nikageuka kumwomba radhi.
Amelala. Mdomo wazi,
mikono yote miwili imeuachia mlango.

Getini Ndanda akaamka, akaiweka kanga sawa.
"Mbona leo umeendesha polepole?"
Nikatazama saa. Hatujawahi kufika mapema hivyo.
"Nilikuwa na mzigo, Mama," nikasema,
akanifinya sikio.

Zile kumi na saba ziko bado, chini ya kitanda.
Sijaziuza. Nisiulizwe.