Kidato cha Pili B, Kipindi cha Saba

Niliandika ubaoni kwa chaki iliyobaki urefu wa kucha:
CHORA TATIZO MOJA LILILOMO KATIKA JAMII YAKO.
Nikapiga mstari chini yake, nikajiona mwalimu.

Karatasi zetu zilikuwa mifuko ya saruji,
tuliipasua, tukaikung'uta nje mpaka darasa zima likapiga chafya,
na brashi ni nyuzi za mkonge
zilizotafunwa ncha hadi zikalainika.
Rangi? Manjano ya jikoni, mkaa,
bluu ya kufulia ya mama yake Shebughe,
udongo wa njia ya Muheza uliolowekwa kwenye kopo.
Nyekundu hatukuwa nayo.

Nilijua watakachochora. Mwalimu hujua.
Kumi na mmoja walichora sindano,
ile ile ya kwenye bango la zahanati,
na tone lile lile linalotaka kudondoka,
na kijana kalala chali, macho yake alama mbili za kuzidisha.
Mwasiti alichora bomba la maji lililotandwa na utando;
nikasema vizuri, ila buibui ana miguu minane, hesabu.
Hoza alichora mbuzi anakula taka soko la Ngamiani,
kavaa kandambili miguu yote minne.
Tukacheka, na mimi nikacheka,
mpaka Kidato cha Tatu wakagonga ukuta.
Nikazunguka kati ya madawati, mikono mgongoni,
nikitoa ushauri wa kivuli na mwanga
kwa watoto waliokuwa wakichora nyumba zao.

Kisha Shekiondo, yule asiyesema, akaja mezani.
"Naomba kalamu yako nyekundu, mwalimu."
Nikampa. Unampa mtoto kalamu kama unavyompa maji.

Alichora mstari.
Mmoja tu, umenyooka, umekatiza karatasi
ukingo hadi ukingo, juu ya maandishi ya kiwanda.
"Tatizo gani hili?"
Akaviangalia viatu vyangu.
"Ni ule wa kwenye rejista, mwalimu. Wa Mwanakheri."

Kengele haikulia. Ningependa kusema ililia.

Mwezi wa tatu, siku ya tisini ya kutoonekana kwake,
nililaza rula juu ya jina, nikavuta.
Mkono haukutetemeka. Wino ulikuwa mpya.
Pembeni nikaandika: mtoro.
Neno la herufi tano,
na kwao Makorora ni dakika kumi kwa baiskeli,
na baiskeli ninayo.

Jumamosi nikaenda, miezi mitano baada ya rula.
Nikakuta kufuli, na jirani kibarazani anachambua dagaa.
"Walishahama hao, kabla ya mfungo.
Bibi alipooza upande, na yule binti ndiye aliyekuwa akimgeuza,
usiku na mchana, mtoto mwembamba vile.
Wamempeleka Pangani kwa nduguze.
Wewe ni nani yake?"

Nikasema, napita tu.

Sasa kazi zao ziko mezani, arobaini na tatu,
chumba kizima kinanuka saruji na pilau.
Mwongozo unataka ubunifu tano, rangi tano,
ujumbe tano, usafi tano.
Mbuzi wa Hoza kapata kumi na sita.
Sindano nimezipa kumi na mbili kila moja, bila kuziangalia mara ya pili,
kama nilivyofanya siku ile na jina.
Buibui wa Mwasiti nimemhesabu: sasa ana miguu tisa.
Na ule mstari, kila ukifika juu
nausogeza chini ya wengine.
Usiku umeniishia hivyo, karatasi zikizunguka.

Rangi: moja. Usafi: hakuna doa.
Ujumbe,

hapo ndipo ninaposhika kalamu,
na kalamu niliyonayo ni ile.
Mwanangu anayo penseli, lakini amelala,
na begi lake amelilalia.