Daftari la Kuazimia Vifaa

Stoo yangu ina mlango mmoja na dirisha la nondo,
na vumbi la Ng'ong'ona haligongi hodi.
Mwenye funguo ni mimi. Mwenye daftari ni mimi:
jina, kifaa, tarehe, sahihi,
na safu ya mwisho, nyembamba: KIMERUDI.

Wanakuja mwezi wa saba, mitihani ikishawatema,
wale wachache waliopata fedha ya utafiti,
mwaka wa tatu, ndevu bado zinasitasita.
Wanataka kujua. Basi.

Ndahani anataka vipimajoto sita na kamba.
Analala Hombolo katikati ya mizabibu
apime baridi ya alfajiri inavyoshuka kwenye shina.
Ukimsikia anavyolitaja hilo shina
utadhani ameposa.

Mbeleje anataka kinasa sauti na betri za akiba.
Kuna bibi Mvumi, anasema, ana maneno tisa
ya mvua isiyonyesha:
ile inayopita kwa jirani, ile inayonguruma ikaondoka,
ile inayonusa shamba kisha ikabadili nia.
"Na ya ile inayonyesha?"
"Mawili tu," akacheka. "Ikinyesha, nani ana muda wa kuongea?"

Kijuu wa Kondoa si msemaji. Amezika sanduku chini ya mwamba
lisikilize ardhi ikijigeuza usingizini.
Jumatatu huniletea karatasi ya mistari,
kidole juu ya kilima kidogo cha wino:
"Hapa ulikuwa unakunywa chai, saa nne na dakika sita.
Hukusikia?"
Sikusikia. Labda kikombe.

Anyelwisye wa hesabu alinitia mashaka.
Alizikagua rafu zote, akaomba chaki.
Nikamuuliza anatafuta nini.
Akasema anathibitisha kwamba jambo fulani haliwezekani.
Nikampa pole. Akasema hapana, mzee, raha iko hapo hapo.
Niliandika: chaki, boksi moja.
Safu ya mwisho nikaiacha wazi. Chaki hairudi.

Sechelela alichukua chupa arobaini, vifuniko vya bluu.
Visima vya Chamwino, vya Bahi, hadi Chipanga kwetu.
Alirudi viatu vimepasuka, begi linalia kama duka la vyombo,
akauliza huku akihesabu vifuniko:
"Mzee Malogo, wewe ulikulia maji ya kisima gani?"

Mkono wangu ulishafika mdomoni.
Miaka hamsini na mitatu, mkono huu
unaijua njia hiyo hata gizani.
Meno haya niliyasugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa mchanga.
Mwalimu wa darasa la pili alinitoa mstarini
awaonyeshe wenzangu mtoto asiyepiga mswaki.
Kwenye picha ya harusi
mke wangu anacheka peke yake.

Akafungua daftari lake, si hili langu,
akaweka kidole kwenye namba kumi na saba.
"Si uchafu," akasema. "Ni maji.
Mwamba unayeyuka humo kidogo kidogo,
tangu kabla ya babu yako."
Akanisomea tarakimu, na nukta, na kipimo.
Nilimwomba arudie.
Akarudia, polepole, kama mtu anayesoma barua
kwa aliyeandikiwa.

Zilirudi chupa thelathini na tisa.
Kanuni inasema aliyeazima alipe.
Ya kumi na saba ninayo hapa, nyuma ya mizani mbovu,
maji maangavu, hayana harufu, hayana neno.
Mbele ya jina lake nimeandika KIMERUDI, zote,
na sahihi nimetia yangu.

Wino haujakauka, Ndahani huyo, anagonga nondo:
"Mzee, ile kamba. Imeliwa na mbuzi."
"Yote?"
"Na kipimajoto kimoja."

Nilicheka.
Mikono yote miwili
ilikuwa imeshika daftari.