Kupanda hadi Banioni

Jumanne, saa mbili na nusu. Wanafunzi arobaini na mmoja,
kompyuta kumi na mbili, nne zimekufa,
na kipindi changu kwenye ratiba kimeandikwa "Maktaba",
basi, kama ukumbi wa kupitia tu
ukielekea kwenye somo la kweli.

Nawaambia: leo hatusomi. Leo tunauliza
maji haya yametoka mfereji gani.
Wa Moshi mjini wananitazama.
Wa milimani wanajua: ukikuta tope shambani
huugombezi mgomba.
Unapanda.

Nimewapa sentensi moja, nimeinakili
kutoka makala yenye kila kitu, jarida, juzuu, kurasa:
"Kijiji hiki kilikuwa na mifereji mia tatu."
Nani kasema?
"Mwandishi," anajibu kijana wa mbele, kalamu sikioni.
Mwandishi kaambiwa na nani?
Mvua ya masika inajibu juu ya bati, haieleweki.

Aikaruwa anakaa penye dirisha bovu.
Tangu muhula uanze hajafungua mdomo ila kuazima chaja.
Anafuata tanbihi kwa kidole,
kama anayetoa mawe kwenye mchele wa wageni.
Makala imeshika mkono wa ripoti ya mradi,
ripoti imeshika mkono wa tasnifu,
na tasnifu haimo mtandaoni. Imo ghalani, chini,
rafu ya mwisho, pale panapovuja.
Sheria hairuhusu mwanafunzi kushuka.
Nampa ufunguo.

Anarudi na vumbi kwenye nyusi
na jalada lililopigwa taipu; kila herufi "a"
imeziba wino, tumbo jeusi.
Ukurasa wa sitini na tatu, chini kabisa:
"Mazungumzo na Mzee Ndelilio, msimamizi wa maji."

"Huyu ni babu," anasema.
Anasema polepole, kama mtu aliyekuta koti la kwao
limetundikwa Memorial, lina bei.

Babu hayupo tena. Bibi yupo, na simu yake leo ina chaji.
Anakata majani ya ng'ombe, hana muda na chuo,
tunamsikia sote kwenye spika:
"Mia tatu? Ingekuwa mia tatu tungelala wapi,
juu ya migomba? Mitatu! Alimwambia mitatu.
Mimi ndiye niliyekuwa nawapa mbege.
Yule kijana aliandika huku anakunywa."

Darasa likaangua kicheko hadi mlinzi akachungulia.
Herufi moja, ile ile yenye tumbo jeusi,
imezaa mifereji mia mbili tisini na saba,
na juu yake ripoti, na juu ya ripoti bajeti,
na hakuna aliyewahi kulowa viatu.

Hapo nilikuwa na slaidi ya kufungia.
Ina mishale mizuri. Niliitengeneza usiku.
Lakini yule wa kalamu sikioni akanyosha mkono:
"Mwalimu, na bibi je? Naye si chanzo tu?
Naye hawezi kusahau?"

Mishale yangu haikuelekea huko.
Nikasema: andikeni vyote. Andikeni jina lake,
tarehe, saa, kwamba alikuwa anakata majani.
Andikeni na mbege.
Sikuwa na hakika kama hilo ndilo jibu.
Umeme ukakatika, tukatoka.

Jumamosi, nikiwa nafua,
simu ikalia juu ya ndoo. Picha kutoka Uru:
banio la mawe, majani yaliyooza, viatu vya shule
vimelowa hadi kisiginoni.
Chini yake, bila salamu:

"Minne, mwalimu. Nimehesabu mara mbili.
Ule wa juu bibi haujui."