Kuni za Tkibuli

Alhamisi ni siku yangu, nusu yake.
Namlaza mzee Onofrio, namfunika miguu,
naweka meno yake kwenye bilauri,
nashuka ngazi themanini na nne mbiombio:
alasiri benki hufunguliwa kwa saa moja tu,
kama duka la mtu aliyekwisha kushiba.

Mkononi euro mia tatu,
nimezikunja mara nne, zinanuka marhamu
ninayomsugulia mzee mgongoni.
Karani ana kucha za buluu, ana adabu.
Jina la mpokeaji?
Eteri. Mama yangu. Anaandika Etero,
anafuta, anaandika tena.
Sababu ya kutuma?
Kuni.
Kwenye orodha yake hakuna kuni.
Kuna elimu, kuna matibabu, kuna uwekezaji.
Tukakubaliana: zawadi.

Zawadi ikaanza safari.
Hapa Bari ilikatwa ishirini na nne, ada ya kuagwa.
Frankfurt, mji nisioujua hata kwa ndoto,
benki fulani ikaishika, ikaichungulia,
ikachukua kumi na nane kwa kazi ya kuchungulia.
Tbilisi wakaigeuza lari kwa bei yao wenyewe,
na kilichopotea katika kugeuzwa
hakina mstari kwenye risiti.
Haba na haba hujaza kibaba.
Sawa. Kibaba cha nani?

Ijumaa mama akapiga simu. Bado.
Jumatatu, bado.
Jumatano theluji ilifika kwenye uzio wa shule
na Gocha akaleta kuni, lori likinguruma mlangoni.
Akasema, nangoja hadi saa sita, mama,
kisha nampelekea yule mwalimu wa kule juu.
Mama akampa chai, akampa kiti cha baba,
akamwonyesha picha yangu
kana kwamba sura yangu ni dhamana.
Gocha alikunywa chai yote.
Saa sita lori likapanda mlima.
Usiku ule mama alichoma mlango wa banda la kuku,
na kuku akawalaza jikoni.

Alhamisi nyingine, dirisha lile lile, kucha sasa nyekundu.
Muamala unashughulikiwa, signora.
Uko wapi?
Akatazama kioo chake, akatafuta neno.
Katikati.

Nimeifikiria sana hiyo katikati.
Lazima ni chumba chenye joto.
Lazima kuna zulia, na fedha zetu zimekaa kitako,
zangu, za Mperu anayemlea jirani yetu ghorofa ya pili,
za wale vijana wa Bangladeshi wenye miavuli,
zinamzalia mtu ambaye hakutuzaa,
na kitanda zinacholalia tunakilipia sisi.

Jioni hiyo hiyo simu ikalia.
Badri amefika! alisema mama.
Badri wa gari la vifurushi, aliyeondoka hapa Jumapili,
siku tatu nyuma ya pesa zangu,
akavuka bahari kwa feri, akakata Ugiriki,
akapasukiwa na tairi Uturuki, akalala forodhani,
euro mbili kwa kilo, bila fomu,
na daftari lenye madoa ya kahawa.
Amefika na makaroni, sabuni,
na koti la marehemu mke wa Onofrio.
Linanitosha, mama akasema. Mikono mirefu kidogo.
Nilimsikia akilifunga vifungo.

Pesa ziliingia kesho yake.
Zimefika, mwanangu.
Ngapi?
Akakohoa. Zimefika, akasema.
Nami sikuuliza tena, kama naye
hakuuliza kwa nini napiga simu nikiwa ngazini,
kwa sauti ya chini, na koti langu liko wapi majira haya.