Anwani Wakati wa Likizo

Kasiani ametandaza ramani mezani
juu ya makombo ya mhogo,
pembe zake amezibana kwa vitu vya nyumba hii:
kikombe, tochi, rimoti ya runinga,
na lile jiwe la mizani ambalo chama cha msingi walilikataa.

"Blandina, visiwa vya Ugiriki ni vingi
kuliko wajukuu wa Mzee Nampota."

Mimi nakijua kimoja. Patmo.
Jina hilo husomwa kanisani mara chache,
na kila likisomwa nasikia kitu laini,
kama mtu anayevua viatu.

"Patmo?" anasema. "Mtume hakwenda kule kupumzika.
Alifungwa."

Sawa. Na mimi nifungeni.
Miaka ishirini na tisa ya wodi ya wazazi Mkomaindo,
nipeni kifungo cha siku saba
mahali ambapo hakuna anayejua kuita "Sista!"
kwa ile sauti ya saa tisa usiku.

Basi tunapanga.
Yeye anapanga kama anayepanda mikorosho, kwa kamba,
mita kumi na mbili kwa kumi na mbili:
Jumatatu, magofu. Jumanne, boti.
Jumatano, mlima, na juu ya mlima monasteri.
Mimi nafuata nyuma na kalamu nyekundu, nang'oa.
Jumatatu: kulala.
Jumanne: kuamka, kutazama dirisha, kulala.
Jumatano nimeandika "zeituni", basi.
Mafuta yake nilipakwa siku ya kipaimara,
tunda lenyewe sijaliweka mdomoni.
Alhamisi tumegombana.

Ananiuliza, kwani bahari huitaki?
Naitaka.
Nataka kuitazama ikifanya kazi
mimi nimekaa.

Hesabu anaipiga kwa kilo.
Ndege, watu wawili: tani mbili za daraja la kwanza,
kama bei mnadani haitateleza.
Viza: gunia mbili.
Chumba chenye dirisha la buluu...
hapo anatia mate kidole, anageuza karatasi.
Salfa ya mwakani hajaiandika.
Simkumbushi.
Ada ya Fidesi hajaiandika.
Simkumbushi.
Bati la jikoni hujikumbusha lenyewe, mvua ikinyesha.

Nje, jabali la Masasi limekaa.
Tangu nihamie mtaa huu
sijasikia mtu akiliuliza linafanya nini.

Asubuhi nikaenda kuchukua fomu kwa Matroni Somoe.
Jina. Cheo. Siku unazodai:
mia moja na kumi na nne.
Anwani wakati wa likizo.
Hapo kila mwaka nimeandika Chiungutwa, kwa mama,
na kila mwaka gari la wagonjwa limeijua njia,
limepiga honi mama akiwa ndiyo kwanza ananipakulia,
dereva hata hateremki,
"Sista, pacha, mmoja kakaa vibaya,"
nami nikanawa mkono ambao haujagusa ugali.

Kalamu ikasimama kidogo.
Kisha nikaandika, kwa herufi kubwa,
nisije nikaeleweka vibaya:
PATMO.

Matroni akavua miwani, akaivaa tena.
"Patmo, Patmo... hiyo iko wilaya gani?"

"Mbali kidogo," nikasema. "Ukipita Newala,
ukapita Mahuta, ukaona lami imeisha,
wewe usigeuze."

"Na mtandao upo?"

"Hakuna, Matroni."

Akanitazama kama anavyotazama shuka
ambalo limefuliwa mara nyingi mno.
Akaupulizia muhuri pumzi ya moto,
akagonga mara mbili,
maana mara ya kwanza wino haukushika.