Fundi wa Vichwa

Amriya ana mtihani wa historia Jumatatu.
Anasoma kwa sauti, barazani kwetu Langoni,
nami naosha brashi kwa mafuta ya taa,
kidole cha shahada kingali na buluu ya ubao wa soko.

"Mwaka wa sitini na tisa Miladia," asoma,
"Rumi ilitawaliwa na wafalme wanne."
Kwa zamu?
"Kwa kuuana, baba."

Wa kwanza mzee, mkono wa birika.
Askari walipodai walichoahidiwa
alisema yeye huchagua askari, hanunui.
Januari haijafika mwisho wakamkata kichwa,
na kwa kuwa kilikuwa na upara
aliyekitwaa alikosa pa kukishika.

Wa pili alipata miezi mitatu. Jeshi lake lilipovunjwa
alilala usingizi, naam, akalala,
akaamka alfajiri akajichoma jambia.

Wa tatu alikula.
Ndimi za heroe, kitabu kinasema, na maini ya pono
(pono! huyu wetu wa miambani?)
mpaka Desemba, walipomtoa chumbani mwa bawabu
na mshipi wa dhahabu kiunoni.

Wa nne hakuwa na haraka. Alikuwa huko mashariki,
ameikalia ngano ya Misri, hasemi kitu.

Hapo nikaweka brashi chini.
Na sanamu, mwanangu?
"Sanamu zipi?"
Mji kama huo, wafalme kama hao, ukose sanamu?

Akafunua, akafunua. Chini ya picha, herufi kama sisimizi:
mafundi walichonga uso mpya katika ule wa zamani.
Kiwiliwili kiliachwa.

Basi huyo namjua.
Ana vumbi la mawe kopeni, anadai ujira wa kichwa cha kwanza,
na tarishi yuko mlangoni kuagiza cha pili.
Jiwe likipunguzwa haliongezeki. Pua ya marehemu
ndiyo akiba yake: humo atatoa pua, mdomo
na kidevu cha mfalme mpya.
Ndiyo maana kila ajaye
kichwa chake kidogo kuliko mabega.

Mimi afadhali, rangi huongezeka.
Ubao wa kamati ya soko ni mbambakofi, hauozi;
mwaka jana peke yake nimeuandika wenyeviti wanne:
Skanda, akatolewa na kesi;
Mbwana Kupi, akatolewa na waliomtoa Skanda;
mama mmoja wa Mkomani, siku kumi na moja;
na huyu.
Jua la saa saba likiupiga sawasawa
ile S ya Skanda hutokeza chini ya jina la huyu
kama mshipa kwenye paji la uso.
Nimelipwa mawili.

Na fundi yule, alilipwa?
Amriya anatazama ukurasa wa nyuma, kisha faharasa.
"Haimo. Wala haitatoka kwenye mtihani."

Jana kijana wa mwenyekiti alikuja: bosi ataka jina la dhahabu,
lenye kivuli.
Nikamwambia dhahabu ipo, na kivuli kipo.
Na deni la Skanda lingalipo, hapo chini.