Swali la Mtoto wa Kanuti

Jumapili ya Samsoni walicheka.
Jumapili ya Yeftha na kiapo chake, hawakucheka;
Edita aliuliza yule binti aliitwa nani,
nikapekua kurasa, jina sikuliona.
Mke wa Lutu niliwafundisha kwa chumvi ya Lindi,
punje moja moja kwenye ulimi:
huu ndio mwisho wa kutazama nyuma.
Wakaomba nyingine.

Leo zamu ya Esau.
Mwezi wa pili, Lulindi. Mvua juu ya bati
inanilazimisha kupaza sauti,
mahindi shambani yana ndevu, hayana punje,
watoto wamekuja na matumbo yanayosema.
Dengu hawazijui. Nikasema mbaazi.
Mbaazi zilizoungwa kwa karanga, chungu kinafuka.
Hapo nilikosea. Macho yote yakanihama
yakaenda kwenye chungu kisichokuwepo.

Nikaendelea, kama ninavyoendelea kila mwaka:
katoka porini mtu mzima, upinde begani,
kauza uzaliwa wa kwanza kwa sahani moja.
Moja! Nikainua kidole.
Kesho yake njaa ilirudi. Urithi haukurudi.
Nani mjinga hapa?
"Esau!" wakaitikia,
vile wanavyoitikia jedwali la saba.

Isipokuwa Chilumba wa Kanuti,
aliyevaa kaptura ya shule hata Jumapili.
"Mwalimu," akasema. Hakusema shangazi.
"Esau alikuwa hajala siku ngapi?"

Haikuandikwa.

"Na mwenye chungu alikuwa nani yake?"

Ndugu yake.

"Wa baba mmoja?"

Wa tumbo moja, nikajibu,
na ulimi ukanikauka kama niliokula chumvi ile yote peke yangu.

Mwaka jana, mwezi kama huu, usiku,
Kanuti hakubisha hodi, alikohoa uani.
Mkewe alilazwa Mkomaindo, nyumbani kulibaki maji na majani ya kunde.
Nilikuwa na mahindi magunia manne.
Nilikuwa na daftari pia.
Tunasema kangomba ni mgeni wa pikipiki
mwenye bakuli lililobonyezwa kitako.
Kumbe kangomba aweza kuwa dada, na kibatari,
na mwandiko mzuri wa ualimu:
mikorosho kumi na saba ya bondeni, misimu mitatu,
kwa madebe sita.
Kanuti anajua kuandika. Alitia dole gumba,
mkono ulikataa kalamu.
Nikamwambia, ndugu yangu, jifunze kuweka akiba.
Nilisema hivyo. Kwa sauti hii hii.

Oktoba, Chilumba na mdogo wake waliokota korosho
chini ya miti waliyopanda babu zao,
kibarua kwangu. Niliwaachia mabibo.
Mizani ya chama ilisoma kilo mia mbili na arobaini,
daraja la kwanza,
na mabati mawili juu ya madhabahu ni sadaka yangu.
Mvua inayapiga hayo kuliko yote.

Ujinga wa mwenye njaa huonekana upesi,
una mchuzi kidevuni.
Wa mwenye chungu huoga, hupaka mafuta,
husimama mbele ya watoto na chaki.

Nikawaambia: kuna sehemu sijawahi kuifundisha.
Miaka mingi baadaye mwenye chungu anarudi,
anachechemea, katanguliza mbuzi na ngamia,
anamwogopa mjinga.

"Esau akamfanyaje?"

Jumapili ijayo, nikasema,
maana kweli sikujua,
ingawa nimeisoma mara mia.

Sasa ni saa nane. Njia ya kwa Kanuti
ina tope hadi magotini. Viatu nimevua.
Daftari liko chini ya khanga, lisilowe,
au lilowe, sijaamua;
na mbele yangu, bila kugeuka,
Chilumba anatembea polepole
kama anayejua nani anamfuata.